Nesi Ambaye Hakuwepo

Mtaani walimwita Afande, ingawa jeshi alishaliacha zamani na kazi yake sasa ilikuwa kufufua makochi. Watu walimletea makochi yaliyokwisha kukata tamaa: sponji imebonyea, springi zinachungulia nje, kitambaa kimechanwachanwa na paka. Aliyavua mpaka yakabaki mbao tupu, akakaza kilicholegea, akajaza sponji mpya, kisha akamsomea mkewe vipimo. Mkewe ndiye aliyekata vitambaa na kuvishona. Cherehani ya mke ilikaa dirishani, meza ya mume ilikaa karibu na mlango, na kutwa nzima walirushiana maneno juu ya marobota ya vitambaa kama watu wanaorushiana mpira.

"Baba Pacha, huu mkono wa kochi umeupima au umeuota?"

"Nimeupima. Ila mwenye kochi ni mnene upande mmoja."

Pacha wenyewe, wavulana wawili walioanza kuota ndevu, walikuwa shule ya bweni. Waliobaki nyumbani ni wao wawili na mama mkwe, mama mzazi wa mke, ambaye magoti yalishamgomea lakini ulimi bado ulikuwa na nguvu za ujana.

Mguu wa kushoto wa Afande uliishia chini kidogo ya goti. Kutoka hapo kwenda chini alivaa mguu wa bandia, na kwenye kigutu alikuwa na kovu lililopinda kama ndoana. Aliyemuuliza yaliyomkuta alipewa jibu moja tu, na kila mara lilitolewa kwa tabasamu: "Nilikanyaga pasipokanyagika." Watu walicheka, mazungumzo yakahama. Hata mkewe hakuwahi kupata jibu refu zaidi ya hilo. Alijua kwamba ni bomu la ardhini, kwamba mumewe alilazwa hospitali ya jeshi katika mji wa mbali karibu mwaka mzima, na kwamba huko huko alifundishwa kutengeneza makochi kama njia ya kumrudisha kwenye maisha ya uraiani. Hivyo ndivyo alivyoambiwa. Hakuona sababu ya kuchimba zaidi.

Siku moja liliegeshwa gari dogo mbele ya karakana, wakashuka watu waliovaa miwani ya jua. Walikuwa wanatengeneza tamthilia ya televisheni na walitaka kochi lililochakaa lakini lisiloanguka mtu akilikalia. Afande alicheka, maana hakuwahi kuombwa kuharibu kochi kwa ustadi. Ilikuwa siku ya joto kali, na kigutu kilikuwa kimemwasha tangu asubuhi. Akakaa, akavua mguu, akavua soksi yake, akajipepea kwa kipande cha kadibodi bila kujali wageni.

Miongoni mwao alikuwepo mwandishi wa tamthilia hiyo, dada mmoja mwembamba mwenye sauti ya upole. Aliangalia kigutu, akaangalia pembeni, kisha akaangalia tena.

"Kaka, samahani," akasema. "Hadithi yetu ni ya koplo aliyejeruhiwa vitani, anarudi nyumbani. Mwigizaji wetu ni hodari, lakini ana miguu yake yote miwili."

"Hongera zake," Afande akajibu.

Wote wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Kabla jua halijashuka alikuwa amekubali kuwaazima mguu wake. Sura ingekuwa ya mwigizaji. Kigutu, magongo na mikono inayofunga mikanda ya mguu wa bandia vingekuwa vyake.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Walimkalisha kitandani, wakamwambia avue, avae, ashuke, asimame, aanguke kidogo, ainuke. Taa zilikuwa kali. Kati ya picha na picha alingoja sana, na katika kungoja huko mwandishi alimletea chai, akaketi naye kwenye lile kochi la kuchakaza, akawa anamuuliza mambo. Aliuliza taratibu, kisha akanyamaza mpaka jibu lije lenyewe.

"Siku ya kwanza uliporudi nyumbani, ilikuwaje?"

Afande alitaka kutoa lile jibu lake la siku zote. Badala yake akajisikia akisema, "Nilichelewa."

"Ulichelewa vipi?"

Hata yeye hakujua ni nini kilimfungua. Labda ni kwa sababu dada yule hakumjua mtu yeyote wa mtaani kwake, na kazi ikiisha angepanda gari lao aende zake. Alimweleza kwamba madaktari walimruhusu mapema. Alivaa shati safi, akabeba mkoba wake wa kijani uliokatika zipu, ule ambao mkewe aliufunga kwa utepe mwekundu alioukata kwenye gauni lake mwenyewe, akaenda kituo cha mabasi. Alipanda basi. Akakaa. Kwenye kioo cha dirisha akaona mtu mwenye magongo, na mtu yule hakumfahamu. Siku aliyoondoka nyumbani alikuwa amewabeba pacha wake wawili kwa pamoja, mmoja kila mkono, akazunguka nao uani huku wakipiga kelele za furaha. Sasa mikono yote miwili ilikuwa na kazi ya kushika magongo. Basi lilipopiga honi alishuka kwa mlango wa nyuma.

"Nikajisemea kwamba mke wangu alimuaga mtu mwingine," alimwambia mwandishi. "Huyu mimi hakumuaga, kwa hiyo hawezi kumpokea."

Alikaa katika mji ule zaidi ya nusu mwaka. Alilala kwenye gereji ya mabasi, nyuma ya kituo, akimsaidia mzee mmoja kushona viti vilivyochanika. Huko ndiko alikojifunzia kazi. Nyumbani aliagiza kwa askari mwenzake aseme kwamba bado anatibiwa.

Mwandishi alisikiliza, machozi yamemlengalenga. "Asante, kaka," akasema. Hakuandika popote, na Afande akadhani mambo yameishia pale kwenye kikombe cha chai.

Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa, jioni mara baada ya taarifa ya habari, nyumba yao iligeuka ukumbi. Mama mkwe aliwaita majirani. Kila kigutu kilipotokea kwenye kioo alipiga kofi.

"Ule! Ule mguu ni wa mkwe wangu! Angalieni kovu! Sura tu ndiyo wamemwekea ya mtu mwingine, na afadhali, maana huyu wetu hajui kulia."

Watu wakaangua kicheko. Afande naye akacheka. Kwa kweli yule Koplo wa tamthilia alilia sana. Alilia akivaa, alilia akila, alilia mvua ikinyesha. Alivunja vioo. Aliamka akipiga kelele na kumkaba mkewe shingo, kisha akampigia magoti akimtolea ya moyoni mpaka majirani wa kike wakatafuta leso. Afande aliona mguu wake ukipiga teke meza ya chakula ambayo yeye hakuwahi kuipiga, akashangaa jinsi ulivyoonekana mkorofi. Lakini alichokiona zaidi ni uso wa mkewe. Kila Koplo alipoanza kusema ya moyoni, mkewe aliacha kumenya alichokuwa akimenya, akainamisha kichwa mbele kidogo, kama mtu anayesikiliza sauti ya chumba cha pili.

"Unampenda eeh, Koplo wako," alimtania wakati mmoja.

"Anasema," mke akajibu. "Anapiga kelele na kuvunja vyombo, lakini anasema." Akaendelea kumenya.

Ikaja jioni ya kituo cha mabasi. Kwenye kioo Koplo aliketi ndani ya basi, magongo yamelala magotini, na miguuni pake pakawekwa mkoba wa kijani uliofungwa kwa utepe mwekundu. Afande aliutambua ule utepe. Honi ikalia. Koplo akajitazama dirishani, akasema kwa sauti nzito, "Mke wangu alimuaga mtu mwingine." Akashuka kwa mlango wa nyuma. Na pale nje, chini ya mwavuli, alikuwa anamngoja nesi: kijana, mrembo, sare yake imebana kiunoni. Nesi akapokea mkoba. Picha iliyofuata ilikuwa chumba kidogo chenye pazia la waridi, na mguu wa bandia umeegemezwa ukutani.

"Ala!" mama mkwe akamaka. "Kumbe alikuwa na nesi!"

Majirani wakaguna. Kisha, mmoja baada ya mwingine, macho yakahama kutoka kwenye televisheni yakashuka mpaka kwenye suruali ya Afande, upande wa kushoto.

Mkewe aliwasindikiza wageni mpaka mlangoni. Alikusanya vikombe, akavipanga kwenye sinia, akasimama navyo.

"Ule mkoba wameupata wapi?"

"Ule si wetu. Wameutengeneza."

"Najua si wetu. Wetu niliutupa mwenyewe. Nauliza wamejuaje utepe."

"Niliwahadithia."

"Uliwahadithia nini kingine?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema yote. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni: "Mambo ya televisheni hayo. Wanatia chumvi."

Mke akaondoka na sinia lake.

Kuanzia asubuhi iliyofuata jina la Baba Pacha likapotea. Aliitwa "wewe", na mara nyingi hata hilo hakuitwa. Karakana ikawa kimya. Mke aliacha kuuliza vipimo. Aliinuka, akapima mwenyewe, akarudi kwenye cherehani. Mteja mmoja, mtu wa mizaha, aliingia kuchukua stuli zake akasema, "Afande, na nesi hajambo?" Afande akatabasamu kwa mazoea tu. Papo hapo akasikia mkasi ukienda vibaya. Mkewe, ambaye hakuwahi kuharibu kitambaa cha mtu, alikuwa amekata kitambaa cha mgongo wa kochi katikati ya ua lililochorwa juu yake, na alikuwa ameushika ule mkasi wazi, akiuangalia.

Siku hiyo hiyo Afande alifunga safari mpaka kule walikorekodia. Mwandishi alimpokea kwa furaha, kisha akaona uso wake, furaha ikamshuka.

"Dada, nesi mmemtoa wapi?"

"Kaka, kaa kwanza."

"Nimekaa vya kutosha. Mke wangu hanitazami tena usoni."

Mwandishi akavuta kiti, akakaa yeye. "Sikutaja jina lako popote. Nilidhani mkeo anajua. Niliamini kabisa kwamba anajua. Na kuhusu nesi, watazamaji wasingeelewa. Mtu amepona, ana mke anayempenda, ana watoto, halafu hataki kurudi? Wangesema mwandishi amechanganyikiwa. Lazima pawe na sababu."

"Sababu ilikuwepo. Nilikuambia."

"Uliniambia, na nililia. Lakini ile sababu huwezi kuipiga picha, kaka. Nesi unaweza."

Afande akaomba wamwondoe. Mwandishi akamweleza kwamba vipindi vyote vimesharekodiwa isipokuwa vichache vya mwisho, na kwamba watu wanampenda yule nesi kuliko hata Koplo. Alisema hivyo kwa aibu, lakini alisema. Afande akamjibu kwamba katika vile vichache vilivyobaki wasitegemee mguu wake.

"Basi Koplo tutamfunika blanketi miguuni," mwandishi akasema taratibu, na haikuwa kejeli. Alikuwa anatafuta namna ya kumaliza kazi yake.

Aliporudi, mkewe alikuwa bado karakanani, anaunga kitambaa alichokiharibu. Afande aliketi kwenye kochi lisilo na sponji, juu ya mbao, akasema karibu yote bila kuinua macho. Kwamba kituo ni kweli. Basi ni kweli. Yale maneno aliyasema yeye. Kwamba hakufundishwa kazi hospitalini bali gerejini, nyuma ya mabasi. Kwamba chumba na pazia ni uongo, na nesi hakuwepo.

"Ulikuwa umepona," mke akasema.

"Nilikuwa nimeruhusiwa."

"Ulikuwa unatembea."

"Kwa magongo, ndiyo."

"Na basi ulilipanda."

"Nililipanda."

Mke akaweka uzi chini. "Unajua kinachoniuma? Wewe unadhani nitafurahi kusikia kwamba nesi hakuwepo. Angekuwepo nesi, ningejua wa kumchukia. Ningesema mwanamke mchawi kanishikia mume. Sasa nimchukie nani? Nilikuwa nalala na mama yangu na watoto chumba kimoja, kila siku nauliza kama bado uko hai. Wewe ulikuwa unashona viti."

Afande alikwangua mbao kwa ukucha.

"Na haya umemwambia mtu wa tivii," mke akaendelea. "Kwa kikombe cha chai. Mimi nimekupikia chai miaka mingapi?"

Baadaye, akiwa ameshavaa kanga yake begani kwenda kupika, alisimama mlangoni. "Nipeleke huko. Nikaone hiyo gereji. Sitaki kuhadithiwa tena na mtu yeyote."

Wakafunga karakana, wakamwachia mama mkwe ufunguo na maonyo, wakasafiri. Njiani walizungumza juu ya chupa ya maji tu. Mke alikaa dirishani. Afande alijua anajaribu kuona alichokiona yeye kwenye kioo, lakini kilichokuwa pale ni mashamba na nguzo za umeme zikirudi nyuma.

Gereji ilikuwepo, na mzee alikuwepo pia. Macho yalikuwa yamemwishia. Alishona kwa kupapasa, kidole gumba kikitangulia sindano. Viti vya mabasi vilipangwa ukutani kama abiria wasio na vichwa. Afande aliposalimia, mzee aligeuza sikio.

"Hiyo hatua naijua. Mguu mmoja mzito, mmoja mwepesi. Karibu, mwanangu. Na nani mwenzio?"

"Mke wangu, mzee. Mama Pacha."

"Ndiye huyo wa simu?"

Mke akamwangalia mumewe. "Simu gani?"

"Kumbe hakukuambia." Mzee akacheka, hakuwa na habari ya kilichowaleta. "Kila Jumapili alivuka barabara mpaka kwenye kibanda cha simu pale. Anapiga, anasikiliza, anakata. Hasemi neno. Mwenye kibanda alidhani ni mgonjwa wa akili. Mimi ndiye niliyemfukuza hapa, mama, sikufichi. Nilimnyang'anya sindano. Nikamwambia, nenda ukaongee na hiyo simu uso kwa uso."

Mke aliketi juu ya kiti kimoja cha basi. Alikumbuka. Yule mpigaji wa Jumapili, anayepumua tu bila kusema. Alimdhania mwanamume mhuni aliyesikia kwamba mumewe hayupo. Alimtukana kila tusi alilolijua, na mengine akayatunga.

"Nilikuita fisi," akasema.

"Uliniita fisi," Afande akakubali. "Na mlevi. Na kuna siku ulisema utaniletea polisi."

Mzee akacheka peke yake. Midomo ya mke ilitetemeka, ikawa kama naye atacheka, lakini kicheko hakikufika.

"Watoto walikuwa wanalia nyuma yangu," akasema. "Mara nyingi nilikuwa nimembeba mmoja. Uliwasikia?"

"Niliwasikia."

"Na bado ukakata."

"Nikakata."

Mke akainuka, akatoka nje, akasimama kati ya mabasi mabovu, mgongo kwao. Afande alitaka kumfuata. Mzee, ambaye sasa alishaelewa, akamshika kiwiko. "Mwache kwanza," akanong'ona. Wakangoja. Aliporudi uso ulikuwa umenawishwa kwa maji ya bomba. Alimshukuru mzee, akamuuliza hali ya macho yake, akasema basi la kurudi litawaacha.

Watu wanaopenda mambo yaishe vizuri wangependa kusikia kwamba safari ile ilimaliza kila kitu. Haikumaliza. Mke alirudi kwenye cherehani, na vipimo akaanza tena kuviuliza kwa mdomo. Ila sasa, katikati ya kazi, bila kutangaza, alikuwa akitupa swali. Nani alikuwa anakufulia? Pete ya ndoa uliiweka wapi? Ulipoumwa homa, ulilia? Mengine Afande aliyajibu papo hapo. Kwa mengine alisimama na nyundo mkononi, misumari imejaa mdomoni, akitafuta, na mke akamngojea. Siku nyingine hakupata jibu. Mke hakumsamehe kwa hilo, wala hakugomba. Alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Tamthilia iliisha. Koplo alirudiana na mkewe kwenye mvua, blanketi miguuni, na mtaa mzima ulilia. Mke wa Afande alikuwa jikoni.

Likizo ilipokaribia alisema, "Shuleni nako wameitazama. Pacha watauliza. Utawaambia wewe, siyo mimi."

Pacha walifika na mabegi yao na sauti zao mpya nzito. Wa pili ndiye aliyeuliza, wakati wa kula, akijifanya anatania: "Baba, eti yule nesi..."

Afande akaweka kijiko chini. Akawaambia. Safari hii ilikuwa ngumu kuliko gerejini, kuliko hata karakanani, na mara mbili alikatisha akanywa maji. Mke alikuwa amekaa pembeni yake, hakumsaidia hata neno. Alipomaliza, wa pili aliuliza mambo mengi, juu ya gereji, juu ya simu, juu ya kama mguu ule ulikuwa unauma. Wa kwanza hakuuliza chochote. Alisukuma sahani, akatoka, wakasikia geti likifungwa.

"Atarudi," mama mkwe akasema.

Alirudi giza likiwa linaingia, akapita bila kumwangalia baba yake. Asubuhi Afande alikuwa karakanani na kochi la viti vitatu la kupakia kwenye mkokoteni wa mteja, na mteja mwenyewe alikuwa ameenda kutafuta mtu wa kumsaidia kubeba. Wa kwanza alitokea mlangoni. Alisimama hapo, mikono mfukoni, akiangalia mguu wa bandia kana kwamba ndiyo anauona leo. Kisha akainama, akashika upande wake wa kochi, akangoja baba yake ashike wa pili.

"Ukanyage polepole," alisema kwa ukali, akiwa hajamwangalia bado. "Kuna ngazi."